Dakika Mbili

Mshereheshaji amenipa dakika mbili, Mideva.
"Ndugu yetu Adagala naye ana neno," amesema, "ila liwe fupi,"
akatazama mawingu juu ya vilima vya Maragoli.
Mvua ya saa tisa haina itifaki.

Hajui kwamba jina lako peke yake
hupanda ulimini mwangu kama mkokoteni wa mawe
unaopanda Majengo: gurudumu moja bovu,
msukumaji mmoja, na huyo msukumaji ni mimi.

Nilitaka kuanzia kwenye toroli.
Miaka ishirini na sita, nimekunjwa ndani yake,
kaka yangu Kisia akisukuma, mama nyuma na shuka.
Wote pale langoni walimuuliza mama:
Anakula? Anaelewa? Hujisaidia mwenyewe?
Wewe ulichuchumaa hadi macho yetu yakawa sawa,
ukaniuliza mimi: Chai yako, sukari vijiko vingapi?
Kisha ukangoja.
Chai ikafanya utando. Nzi akatua, akaondoka.
Mama akafungua kinywa anisaidie, ukamwinulia kidole.
Vi.
Viwi.
Viwili.
Ukatia viwili. Hukupiga makofi.
Ukakoroga tu, kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida
na mtu wa kawaida.

Nilitaka wageni wakijue kiti hiki.
Umekiumba kwa magazeti na maboksi na uji wa muhogo,
tabaka juu ya tabaka, jua la wiki tatu,
na karatasi zilipopungua ukabandua mabango ya uchaguzi.
Basi nimewakalia waheshimiwa miaka mitano,
nao hawajawahi kuniinua juu namna hii.
(Hapa wangecheka. Nilikuwa nimewapangia mahali pa kucheka.)

Sikutaka kukusifu kama marehemu.
Ningesema una hasira za karibu,
kwamba ulimfokea mtunza stoo kwa ajili ya misumari sita
mpaka kuku wakatoka uani;
kwamba mkanda wa kwanza ulionifunga ulinichubua bega,
na ulipoona ukasema, Kosa ni langu,
neno ambalo tabibu hajawahi kuniambia, nami nimepita kwa wengi.
Ningesema mshahara ulipokawia miezi mitatu
ulikuja kwa miguu kutoka Chavakali,
ukaingia na vumbi mpaka magotini, ukanawa mikono,
ukalishika goti langu kana kwamba si wewe uliyetembea.

Na Vugutsa. Ningesema kidogo juu ya Vugutsa.
Kijiko chake, ulichokizungushia mpira wa tairi
ili vidole vyake vipate pa kushika,
kimo kwenye droo ya tatu, chini ya bandeji.
Unadhani hatujui.
Siku zingine unaifungua droo hiyo na hutoi kitu.

Lakini nimefika "Mi—", "Mide—",
na mshereheshaji ameshaanza makofi, makofi yale
ya kumshusha mtu jukwaani kwa upole.
Cheti kimesomwa. Jina wamelikosea: Midiva.
Picha. Tabasamu. Tone la kwanza juu ya hema la bluu,
kisha yote kwa pamoja, na wakubwa
wanakimbilia magari, wameinua faili juu ya vichwa.

Wewe umegeuza ndoo, umeikalia mbele yangu.
Cheti umekibana kwapani, kinalowa pembeni.
Mvua inapiga hema, hatusikizani hata kidogo,
nawe unasogeza sikio karibu na mdomo wangu:
"Ulikuwa unasema?"

Naanza upya, kwenye M.
Huna saa mkononi. Sijawahi kukuona na saa.